Lango Lililo Karibu Nasi

Lango ni kinywa cha mji. Kwa kinywa hicho mji hupokea rafiki na hukataa adui. Hula mazao ya mashamba na hutoa kazi za mafundi wake. Husema na dunia wakati wa amani, na wakati wa hatari hufumba ukanyamaza. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujua watu wa kale waliishi vipi hana budi kulitazama lango lao kabla ya kutazama kitu kingine. Lango litamwambia walimwogopa nani, walimkaribisha nani, na walithamini nini hata wakaona kuwa kinastahili kulindwa.

Hapana mwalimu wa historia asiyelijua jambo hili. Hata hivyo, katika nchi yetu ya Gusii, tangu mjini Kisii hata vilima vya Nyamira, imeenea imani kwamba malango ya historia ni mali ya watu wengine. Wanafunzi hukariri majina ya ngome za pwani na ya miji ya ng'ambo. Wakijaliwa safari, hupakiwa katika basi wakasafiri usiku kucha kwenda Mombasa, kilomita zipatazo 800. Wakifika hupiga picha, hununua shanga, hurudi garini kulala. Kisha husema, "Kwetu hatukuwa na mji wala ukuta, kwetu hakuna cha kutazama." Insha hii yakusudia kuipinga imani hiyo. Nasema kwamba ni uongo, tena ni uongo wenye madhara. Na nasema kwamba hata malango ya mbali tunayoyakimbilia tunayazuru vibaya.

Nianze na ubaya wa kuzuru. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii husemwa juu ya watu, lakini hakuna mahali inapofaa zaidi kuliko kwenye malango ya miji. Lango halikujengwa kwa ajili yake lenyewe. Lilijengwa kwa ajili ya mtaa ulio nyuma yake: masoko, visima, makaburi, nyumba za ibada, njia nyembamba ambamo watoto walicheza na wazee walipatana. Ondoa mtaa, nalo lango litakuwa rundo la mawe lenye tundu katikati.

Ushahidi wa neno hili uko mjini Berlin, Ujerumani. Kiasi cha mwaka 575 kabla ya Kristo, mfalme Nebukadneza wa Pili alijenga Babeli lango kubwa la matofali ya rangi ya samawati, likapewa jina la mungu wa kike Ishtar. Wataalamu wa Kijerumani walichimba magofu ya Babeli kuanzia 1899 hata 1917, wakachukua vipande vya matofali hayo, na mwaka 1930 lango likasimamishwa upya ndani ya jumba la makumbusho. Ni kazi ya ustadi, wala siidharau. Lakini mgeni akilipita lango lile haingii Babeli. Huingia chumba kingine cha jumba lile lile. Mtaa wa lango umebaki Iraki, na watoto wa Iraki hulazimika kuvuka bahari ili walione lango la babu zao. Huo ndio mwisho wa lango lililotengwa na watu wake.

Sasa tazama mfano wa kinyume chake, nao si wa mbali sana na sisi. Mji wa Harar, mashariki ya Uhabeshi, umezungukwa na ukuta uitwao Jugol, uliojengwa kati ya karne ya 13 na ya 16. Ukuta huo una malango matano ya kale. Kila lango lilikabili njia kuu moja ya kuingilia mjini, na malango hayo matano yaliugawa mji katika mitaa mitano. Basi mtu wa Harar akitaja lango, ametaja pia mtaa, njia na majirani. Tena watu bado wanakaa ndani ya ukuta huo. Wanauza, wanaoa, wanazika. Mgeni mwenye akili akifika Harar hatasimama mbele ya lango kwa dakika kumi akaondoka. Atapita, ataingia, atauliza.

Hapa kwetu Kenya ni wanafunzi wangapi waliozuru Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wakatoka bila kutia mguu katika Mji wa Kale wa Mombasa ulio hatua chache tu kutoka hapo? Waliona mizinga, hawakuwaona watu ambao mizinga hiyo iliwaelekea. Waliona lango la mgeni aliyekuja kwa nguvu, hawakuiona milango ya mbao iliyochongwa ya wenyeji waliokuwapo kabla yake, nao wako hata leo. Safari ya namna hiyo ni gharama bila faida.

Sasa nije kwenye uongo wenyewe, kwamba sisi wa bara la magharibi hatuna lango la kuzuru. Katika Kaunti ya Migori, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, pana mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Kutoka Kisii mwanafunzi hupita Rongo na Awendo, mashamba ya miwa yakiwa kando ya njia, akafika Migori. Kisha hugeuka kuelekea upande wa Ziwa. Aondokaye alfajiri anaweza kurudi kwao usiku ule ule. Katika Kijaluo, ohinga ni boma la mawe, na jina Thimlich hutokana na neno la msitu mzito wa kutisha. Mwaka 1981 au 1881 mtu asiyejali angepapita akidhani ni kilima chenye vichaka tu. Lakini mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilipaandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile iliyo na Mji wa Kale wa Lamu na Ngome ya Yesu.

Wataalamu hukadiria kwamba boma hilo lilijengwa katika karne ya 16, wakati ule ule Wareno walipokuwa wakijenga ngome yao Mombasa. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa mita 1 kwa wastani. Ndani yake hakuna chokaa wala saruji wala udongo wa kugandisha. Mafundi waliyachukua mawe ya kilimani kama yalivyo, bila ya kuyachonga, wakasimamisha safu ya nje na safu ya ndani, na katikati wakajaza mawe madogo. Safu zote tatu zikashikana kwa uzito wake na kwa jinsi zilivyopangwa. Palipohitaji msaada waliongeza nguzo za mawe za kuegemeza ukuta. Wengi wetu, tukipewa mawe hayo leo bila mfuko wa saruji, hatutaweza kusimamisha ukuta wa kufika kiunoni.

Lakini lango ndilo linalopasa kutazamwa zaidi. Kila fundi anajua kwamba ukuta usio na saruji huwa dhaifu pale palipoachwa tundu. Mawe ya juu hutaka kuanguka. Wajenzi wa Thimlich walilaza mawe marefu bapa juu ya tundu la lango, nayo yakabeba mzigo wa ukuta. Tundu lenyewe walilifanya fupi na finyu, hata aingiaye sharti ainame. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki, hawezi kuinua ngao, na hawezi kuingia pamoja na mwenzake. Kichwa chake hutangulia, na ndani, karibu na lango, palikuwa na mahali pa walinzi. Watu wachache waliweza kuwazuia wengi bila ya mzinga hata mmoja.

Baada ya lango ndipo mtaa unapoanza. Eneo lile lina maboma makubwa manne, nayo yaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mwenye kujua Kijaluo atatambua mara moja kwamba majina hayo ni ya watu: kwa Ochieng, kwa Akuku, kwa Oketch, kwa Oluoch. Ndani mna alama za nyumba, mazizi ya ng'ombe na ya ndama, na vipande vya mawe ya kusagia. Pana mahali ambapo mafundi walifua chuma. Pana mwamba uliochimbwa vishimo vya mchezo wa bao. Hivyo basi palikuwa na kazi, na palikuwa na wakati wa mchezo baada ya kazi. Palikuwa na hofu, na palikuwa na furaha. Hayo ndiyo maisha ya mji.

Najua majibu yatakayotolewa, nami nitayajibu moja moja.

Wa kwanza atasema, "Hilo ni zizi la ng'ombe, si mji." Namwuliza: mji ni nini? Kama mji ni wingi wa maghorofa, basi miji mingi mitukufu ya kale haikuwa miji. Mji ni mapatano. Ni watu waliokubaliana kukaa pamoja, kubeba mawe pamoja, kulinda kwa zamu na kutii amri ya kufunga lango jua linapotua. Ukuta wa kimo cha mita 4 haukujengwa na mtu mmoja kwa ajili ya ng'ombe wake wawili. Tena watafiti wamehesabu maboma ya namna hii 521, katika sehemu 138 za nchi ya Ziwa. Watu waliojenga mara 521 hawakujenga kwa kubahatisha. Walikuwa na elimu, walikuwa na mafundi, na walikuwa na sheria.

Wa pili atasema kwa sauti ya chini, maana anajua si vizuri kusemwa, "Hilo ni la Wajaluo, si letu sisi Abagusii." Hili ndilo jibu baya kuliko yote, nami sitalionea haya kulikaripia. Kwanza si sahihi. Watafiti wasema kwamba jamii mbalimbali, zenye asili ya Kibantu na zenye asili ya Kinailoti, zilikaa katika maboma hayo kwa kufuatana, na kila iliyoingia ilizitengeneza kuta ilizozikuta badala ya kuzibomoa. Mawe yale yalishikwa na mikono ya mataifa zaidi ya moja. Pili, masimulizi yetu wenyewe yasema kwamba babu zetu walipita kando ya Ziwa na nyanda za Kano kabla ya kupanda milimani. Tulikuwa majirani kabla ya kuwa na mipaka. Gusii ilipeleka nafaka, upande wa Ziwa ulileta mifugo na vyungu. Njaa iliposhika huku, chakula kilitafutwa kule. Tatu, kama haki ya kutazama ni ya wenye damu tu, kwa nini mwanafunzi wa Kisii aitazame ngome ya Wareno? Je, tuna undugu na Wareno kuliko tulio nao na watu wa Rongo na Homa Bay, ambao tunakutana nao sokoni kila juma? Mwenye kuvuka kilomita 800 kumstahi mgeni, akakataa kuvuka mpaka wa kaunti kumstahi jirani, hana upungufu wa nauli. Ana upungufu wa adabu.

Lugha zenyewe zinamsuta mtu huyo. Katika Kijaluo neno dhoot, lenye maana ya mlango, ndilo pia neno la ukoo. Katika Kinyarwanda umuryango ni mlango, tena ni jamaa. Katika Kiswahili cha pwani mlango ni sehemu ya ukoo. Watu wengi wa nchi zetu waliona jambo moja: kwamba jamaa ni wale wanaotoka katika mlango mmoja. Basi kulijifunza lango ni kujifunza undugu ulivyopangwa, na elimu hiyo haina kabila.

Wa tatu atasema, "Mtihani unakaribia, hakuna wakati, hakuna fedha." Fedha ya kwenda pwani ilipatikana. Fedha ya siku moja itakosekanaje? Na huo mtihani wa historia, ni nani atakayeujibu vizuri zaidi: aliyekariri kwamba watu wa kale walijilinda, ama aliyeinama akapita mahali walipojilindia?

Wa nne ndiye mwenye hoja ya kusikilizwa. Atasema, "Sawa, Migori pana mawe. Lakini Kisii na Nyamira zenyewe zina nini?" Namjibu kwamba Gusii nayo ilikuwa na malango yake, ila mengi yamebaki katika maneno, si katika mawe. Abagusii walikuwa na ebisarate, maboma ya ng'ombe yaliyowekwa mbali na nyumba za wazazi, ambamo vijana wasiooa walilala wakiilinda mifugo dhidi ya wavamizi. Huko kijana alijifunza kukesha, kutii na kutomwacha mwenzake. Serikali ya kikoloni iliyaona maboma hayo kuwa chanzo cha fujo, na kiasi cha mwaka 1912 ikayapiga marufuku. Kwa kuwa hayakujengwa kwa mawe ya kudumu, yalitoweka. Hayana kibao, wala hayana picha ya kuuzwa kwa watalii.

Ukuta wetu mkubwa ulikuwa mlima. Mtu akisimama juu ya genge la Manga, katika Kaunti ya Nyamira, ataona mara moja kwa nini watu walipapenda: chini nchi yote imefunuliwa mbele ya macho, na adui haji bila kuonekana. Na mji wa Kisii, ambao tunaupita kila siku tukitafuta matatu, ni mtaa wa historia kuliko mitaa mingi inayosifiwa. Mahali pale paliitwa Getembe. Inasimuliwa kwamba mtabiri Sakawa alionyesha kwa mkono majengo ya wageni yatakaposimama, kabla wageni hao hawajafika. Jeshi la Waingereza lilipiga nchi hii mwaka 1905. Kituo cha serikali kikawekwa 1907. Na mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mkuu wa kituo hicho, Northcote, kisha likaja jeshi la kulipiza kisasi, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakatekwa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani nao waliuingia mji huo kwa muda mfupi, wakapigana na Waingereza milimani. Yote hayo yalitokea katika mji ambao mwanafunzi wake husema hauna cha kutazama.

Nimesema kwamba uongo huu una madhara. Madhara yake ni haya. Kitu kisichozuriwa hakitunzwi, na kisichotunzwa hufa. Ukuta usio na saruji waweza kubomolewa na mtu mmoja kwa asubuhi moja, na kwa mtu anayetafuta mawe ya kujengea msingi, jiwe la miaka 400 ni jiwe tu. Kitakachomzuia si askari. Ni aibu mbele ya majirani wanaojua thamani yake. Ama ebisarate, hali yake ni mbaya zaidi. Waliolala ndani yake wamekwisha kufa wote. Waliosikia habari zake kutoka vinywani mwa baba zao ni wazee sana leo. Kila mzee azikwaye bila ya kuulizwa ni lango lililofungwa, na lango la namna hiyo halifunguliwi tena kwa mchimbaji wala kwa mtaalamu kutoka ng'ambo.

Basi tufanyeje? Si lazima tuache kwenda Mombasa. Mombasa ni yetu pia. Lakini mpango wa safari uanze karibu, uende mbali baadaye. Mwanafunzi aanze na mtaa wake: aulize kijiji chake kwa nini kinaitwa kinavyoitwa, njia ya zamani ilipita wapi, ng'ombe walilindwa wapi. Kisha apelekwe Manga. Kisha Thimlich Ohinga. Akifika pwani baada ya hapo, ataitazama Ngome ya Yesu kwa macho ya mtu mwenye kipimo chake, si kwa macho ya maskini aliyealikwa kutazama utajiri wa wengine.

Na huko aendako, azuru kwa adabu ya elimu. Asome kabla ya kwenda. Achukue daftari, apime kwa hatua zake, achore lango na aandike lilielekea wapi. Asipande juu ya ukuta, asichukue hata kokoto. Amsikilize mwenyeji kabla ya kumsahihisha. Zaidi ya yote, asigeuke nyuma langoni. Apite ndani, autafute mtaa, na aulize mawe ya kusagia yalisaga nini, bao lilichezwa na nani, na ni nani aliyefunga lango usiku.

Walimu wetu wakisema hawana nafasi, wanafunzi na waombe. Wakikataliwa, waombe tena. Hakuna aliye na haki ya kumnyima kijana habari za kwao, kisha kumlaumu kwamba hapendi kwao. Lango liko wazi tangu karne ya 16, nalo ni fupi. Kila aingiaye huinama, awe adui au mwanafunzi. Adui aliinama kwa kulazimishwa. Wewe inama kwa heshima, uingie.